Dume mgeni kwenye banda la simbilisi: usirudie kosa langu

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Kijana mmoja hapa kwetu nyanda za juu alinipigia simu. Alikuwa na dume 1 na majike 8, na dume yule alishaanza kupanda watoto wake mwenyewe. Nikamwambia atafute dume mwingine kutoka banda la mbali ili abadilishe damu. Hapo nilikuwa sahihi. Akauliza, "Sasa bwana mifugo, nikimleta nimweke wapi?" Nami nikiwa na haraka zangu nikajibu, "Mweke humo humo, watazoeana tu."

Hawakuzoeana. Asubuhi alimkuta mgeni amechanwa sikio na kung'atwa mgongoni. Kidonda kikatunga usaha, na baada ya siku chache akafa. Hela ya mbegu ikapotea, na aliyemponza ni mimi.

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: madume wawili wakubwa hawakai pamoja penye majike. Hata harufu ya jike inatosha kuwasha vita. Ukitaka wote wazalishe, kila mmoja apewe chumba chake na majike wake. Ukitaka kuwaweka pamoja, mfano mmoja anapumzika au unawatunza kwa ajili ya kuuza, chumba chao kiwe mbali na majike, na uwakutanishe hatua kwa hatua.

1. Mtenge mgeni kwanza. Wiki 2 hadi 3, banda tofauti, vyombo tofauti. Mkague utitiri, chawa, mafua na kuhara. Mhudumie wa mwisho, baada ya wenyeji.

2. Waonane kwa wavu. Weka vyumba viwili jirani, wavu katikati, kwa wiki 1 au zaidi. Badilishana maranda kidogo kati yao ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake.

3. Wakutane pasipo na mwenyewe. Usimwingize mgeni kwenye chumba cha mwenyeji, maana pale mwenyeji anajiona ana hatimiliki. Tafuta sehemu ambayo hakuna aliyewahi kulala. Mwaga majani mengi katikati, kama mabingobingo au majani ya viazi vitamu. Mdomo ukiwa na kazi, ugomvi hupungua.

4. Kila kitu kiwe viwili. Vyombo viwili vya maji, sehemu mbili za kulia, maficho mawili, na kila ficho liwe na milango miwili ili anayefukuzwa asibanwe kona. Nafasi isipungue mita 1 kwa mita 1, na ikizidi ni bora.

5. Kaa uangalie. Usiwaache ukaenda sokoni. Siku ya kwanza tenga saa kadhaa.

Kunguruma huku anatikisa kiuno, kufukuzana kidogo, kupandana: hayo ni ya kawaida, wanatafuta nani mkubwa. Ukiwatenganisha kila wakifanya hivyo, kesho wataanza upya. Lakini wakigonganisha meno mfululizo, manyoya yakasimama na wakainua vichwa wakitazamana, jiandae. Wakirukiana na kuviringika kama mpira, watenganishe papo hapo kwa taulo nene au kipande cha ubao. Usiingize mkono mtupu, utang'atwa wewe. Damu ikitoka, hapo basi. Hao ni wa kukaa mbalimbali moja kwa moja, usijaribu tena.

Njia yenye matumaini zaidi ni kuleta dume mdogo aliyetoka kuachishwa kunyonya na kumkutanisha na mkubwa mtulivu. Mdogo humkubali mkubwa. Ila akifikisha miezi 3 hadi 6 anaanza kupima ubavu, hivyo weka chumba cha akiba. Kama huna chumba cha pili, bado hujawa tayari kununua dume wa pili.

Yule kijana hakuacha kufuga. Alileta dume mwingine, safari hii akamjengea chumba chake na kumgawia majike 4. Mimi nilienda kushika misumari. Sasa nikipigiwa simu nikiwa njiani, nasimamisha pikipiki kwanza ndipo najibu.