Kwa Nini Sikio Linahitaji Hewa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza sauti inavyopita kwenye ngoma ya sikio na vifupa vitatu vilivyo nyuma yake. Leo tukiangalie chumba vinamokaa, sikio la kati, na jinsi kinavyobaki kikavu.

Kisa kimoja kinaonyesha chumba hicho kinavyoungana na pua. Mnamo Machi 1858, Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Ujiji kwa njia ya misafara kutoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, alilala kisiwani katika Ziwa Tanganyika. Usiku mbawakawa akamwingia sikioni. Alijaribu siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Akachokoa kwa kisu kidogo. Mdudu alikufa, lakini sikio lilitunga usaha, na uso ukavimba hata asiweze kutafuna. Ngoma ilitoboka: kila alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi. Miezi sita au saba baadaye vipande vya mdudu vilikuwa vingali vikitoka pamoja na nta.

Hewa iliyopiga mluzi huo ilipita kwenye mrija ambao sote tunao, unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati. Tukimeza mate au kupiga miayo, mrija hufunguka na hewa mpya huingia. Lakini damu ya utando unaofunika kuta za sikio la kati huchukua oksijeni muda wote, hivyo chumba kile huwa na oksijeni kidogo sana kuliko asilimia 21 iliyomo katika hewa ya nje.

Seli za utando huo ndizo zinazokausha chumba. Upande wa ndani ya chumba zina vijia vinavyopokea ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu. Upande wa damu zina pampu, ambayo kila mzunguko hutoa nje ya seli ioni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Sodiamu ikivuka, maji huifuata. Pampu hiyo hula nishati, na seli hupata nishati nyingi zaidi kwa kutumia oksijeni. Katika maabara, seli za sikio la kati zilizokuzwa zikigusana na hewa zimeonekana kunyonya sodiamu zaidi kuliko zile zilizozama majini.

Mtoto akishikwa na mafua, mrija huvimba na kuziba. Hewa hupungua, ute huongezeka, na kazi ya kukausha hudhoofu wakati inapohitajika zaidi. Maji yakituama, mtoto huitwa asiitike, akadhaniwa mkaidi, kumbe hasikii. Mzazi, usimchape wala usimchokoe sikio kwa kijiti au unyoya. Mpeleke akapimwe.

Itaendelea wiki ijayo: sikio linalotoa usaha.