Mtoto Anaanza Namna Gani?

Wako wamama wanaofika kilinika na huzuni hii: wamezaa wasichana tu, na sasa bwana na wakwe wanasema kizazi chao ni kibaya. Wengine hawajapata mimba hata moja, na lawama yote inatupwa juu yao. Basi mama, soma karatasi hii polepole, ujue mtoto anaanza namna gani.

Watu wengi wanafikiri mwanaume ndiye analeta mbegu, na mwanamke ni shamba tu. Hapana, si hivyo. Mama naye ana mbegu yake, ndiyo yai. Ni dogo sana: ukipanga mayai 10 kwa mstari, yatafika milimita 1 tu. Kila upande wa kizazi kuna kifuko kimoja cha mayai. Nayo hayatengenezwi kila mwezi. Mama anazaliwa nayo. Mama yako alipokuwa bado katika tumbo la mama aliyemzaa, lile yai lililokuleta wewe lilikuwa limekwisha kuanza humo! Msichana anazaliwa na mayai kama milioni 1 au 2. Mengi yanakufa yenyewe, na katika maisha yake yote ni kama 400 tu yanayokomaa na kutoka, kwa kawaida moja kila mwezi. Yai linatoka karibu siku 14 kabla ya damu ya mwezi inayofuata, linaingia katika mrija unaoenda kwenye kizazi, na linaishi siku moja tu.

Kwa baba ni namna ingine. Mapumbu yake yanatengeneza mbegu mpya kila siku, tangu ujana hadi uzee. Yanakaa nje ya tumbo sababu mbegu hazipendi joto nyingi. Kutengeneza mbegu moja ni kazi ya miezi 2 na zaidi. Ndiyo maana baba aliyeshikwa na homa kali anaweza kupungukiwa na mbegu nzuri kwa wiki nyingi.

Wakilala pamoja, mbegu milioni nyingi zinaingia, lakini nyingi zinafia njiani. Zinazofika karibu na yai ni mamia machache. Zinaweza kungoja ndani ya mama hata siku 5. Kwa hiyo mimba inaweza kushika hata kama yai lilitoka siku chache nyuma yake. Mbegu moja inapoingia, ganda la yai linajifunga na zingine zinabaki inje. Haya yote yanafanyika katika mrija. Kisha yai linaanza kugawanyika, linashuka polepole, na baada ya siku 6 hivi linajishika ndani ya kizazi.

Sasa tufike kwa wasichana na wavulana. Katika mwili wetu kila chembe ina nyuzi 46 ndogo zinazobeba urithi. Wanganga wanaziita kromozomi. Lakini yai na mbegu ya baba zinapotengenezwa, nyuzi zinagawanywa nusu: 23 kwa mama, 23 kwa baba. Zikikutana zinakuwa tena 46, na hapo mtoto anapata macho ya huyu na pua ya yule. Uzi mmoja kati ya hizo ndio unaoamua. Mama anao wa aina moja tu, X, na kila yai lake linabeba X. Baba ana X na Y. Mbegu yenye X ikitangulia, ni msichana. Yenye Y ikitangulia, ni mvulana. Mwaka 1905, huko Marekani, mwanamke mwenye elimu, Nettie Stevens, aliona jambo hili kwa kuchunguza mdudu wa unga!

Kwa hiyo anayemfukuza mama sababu ya kuzaa wasichana anamfukuza kwa jambo lililotoka kwake mwenyewe. Lakini baba naye hachagui. Hajui ni mbegu gani imetangulia. Hakuna majani ya kunywa yatakayobadilisha hiyo. Baada ya wasichana wanne, mimba ya tano bado ni karibu nusu kwa nusu.

Na mama asiyepata mimba? Pengine mirija imeziba. Mara nyingi inazibwa na ugonjwa wa zinaa usiotibiwa, kama kisonono, ama na uchafu ulioingia kizazini baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Lakini pengine ni baba mwenye mbegu chache, au hana kabisa, hata kama ana nguvu zote za kiume. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Kama mmekaa pamoja mwaka 1 bila kuzuia mimba (miezi 6 kama mama amepita miaka 35), mje wawili. Kupima mbegu za baba ni kazi ya darubini tu. Hakuna kisu, hakuna sindano. Mama akija peke yake, tunapima nusu ya jambo. Bwana akikataa, umpe karatasi hii asome, ama umsomee jioni.