Muuguzi Naye ni Mtafiti

Wapo wanaouliza: muuguzi na shahada ya uzamivu, wapi na wapi? Sisi twaona swali hilo lilikwisha kujibiwa. Florence Nightingale, aliyerejea Uingereza mwaka 1856 kutoka vita vya Crimea, alithibitisha kwa takwimu kwamba maradhi yaliwaua askari wengi kuliko majeraha.

Basi ni nani atakayechunguza sababu za mja mzito wa Tumbatu au Kojani kuchelewa kufika hospitali, ikiwa si yule ampokeaye akishushwa mashuani usiku, akakesha naye? Utafiti huo ni kazi ya miaka, na muuguzi ana zamu zake. Wizara impe ruhusa yenye mshahara, na wodini awekwe wa kushika nafasi yake. Akirudi, asifungiwe ofisini kutia sahihi mafaili: arejeshwe wodini, na aliyoyagundua yasomwe kabla ya bajeti kupangwa.