“Quiet” kwenye mkataba wa nyumba si kimya

Unakodi chumba Kibokoni? Kabla hujasaini, tafuta maneno haya kwenye mkataba: “quiet enjoyment”. Usidhani umeahidiwa kimya. Soga za barazani na bodaboda za vichochoroni ziko palepale. Maana yake ni hii: ukilipa kodi na kufuata masharti, mwenye nyumba asikubughudhi. Asiingie atakavyo, wala asikufurushe ovyo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakupa haki hiyo hata mkataba ukinyamaza.

Kelele zenyewe ndizo “noise”, na zina kanuni zake za mwaka 2009, chini ya NEMA.

Mkifikishana kortini, “hearing” si kupimwa masikio, ni siku kesi inasikizwa. Basi neno likikukwama, uliza kwanza, kalamu baadaye.