Chumvi ikizidi, sabuni ya Nakivale hujitenga na maji

ISINGIRO, Uganda. Mteja wa sabuni ya maji hutazama dumu kwanza. Akikuta utando mzito umeelea juu na maji ya chumvi yametulia chini, huenda kwa muuzaji wa jirani. Kwa mtengenezaji mdogo wa Nakivale, dumu moja la namna hiyo linaweza kumeza mtaji wa wiki nzima.

Makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Humo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia, na wengi huelewana sokoni kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) limekuwa likigawa msaada kwa kupima mahitaji ya kaya, na baadhi ya familia zimeondolewa kwenye mgao. Biashara ndogo kama ya sabuni imekuwa tegemeo.

Malighafi yake kuu ni ungaroli, inayouzwa katika maduka ya kemikali mijini kama Mbarara. Ungaroli nzito ina takriban asilimia 70 ya kiini cha sabuni, na molekuli zake zimejipanga kwa matabaka kama chapati kwenye sahani. Wanasayansi huiita hali hiyo kioevu-fuwele: hutiririka kama kimiminika, lakini ina mpangilio kama fuwele. Friedrich Reinitzer wa Austria alikutana na hali ya aina hii mwaka 1888. Jamii nyingine ya vioevu-fuwele ndiyo inayotumika kwenye vioo vya simu.

Maji yakiongezwa kidogo, matabaka hugeuka vijiti vilivyobanana kama mzigo wa kuni, na mchanganyiko huwa jeli ngumu. Hapo ndipo mabonge hutokea: jeli na maji hukaa pamoja kwenye ndoo moja bila kuchanganyika. Maji yakizidi, vijiti huvunjika kuwa chembe ndogo za mviringo na sabuni huwa nyepesi.

Chumvi huziunganisha chembe hizo ziwe nyuzi ndefu zinazosokotana kama tambi, na sabuni hushika uzito. Lakini ina kikomo. Kikipitwa, sabuni huanza kulegea tena. Mtengenezaji asiyejua huongeza chumvi akidhani haijatosha, na mwishowe sabuni hujitenga na maji. Baridi ya usiku huweza kuzidisha tatizo.

Aina ya chumvi nayo ina uzito wake. Ile ya Ziwa Katwe, wilayani Kasese, huwa na magadi na madini mengine, hivyo kipimo chake hakilingani na cha chumvi ya pakiti.

Kinga yake ni nafuu: kupima kwa mizani badala ya macho, kujaribu kwanza kwenye glasi kijiko kwa kijiko, kuandika kipimo kilichofaa, na kuiacha sabuni ilale usiku mmoja kabla ya kuuzwa.

Daftari hilo lina faida nyingine. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inataka alama ya ubora ya nchi mwanachama itambuliwe na wenzake, na Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Sabuni yenye kipimo kisichobadilika ndiyo inayoweza kuomba alama ya Shirika la Viwango la Uganda (UNBS), na siku moja kuvuka mpaka ambao mtengenezaji wake aliuvuka akikimbia.