Jino la Utotoni Lililotoboka Lizibwe Mapema

Ndugu wazazi, wengi wetu husema jino la utotoni halihitaji tiba kwa kuwa litang'oka lenyewe. Lakini magego ya utotoni hukaa hadi mtoto afikishe miaka 9 hadi 12. Gego likioza, mtoto hashindi vizuri, halali, hali.

Iko njia ya kuziba isiyohitaji umeme wala mashine, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mganga hukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, kisha huziba tundu kwa saruji ya meno inayotoa floridi. Mara nyingi sindano haihitajiki.

Mleteni mtoto tundu lingali dogo. Ufizi ukishatunga usaha, kuziba hakutoshi tena. Huenda jino likang'olewa.