Ukitafuta "chura", utawapata vyura?

Tuseme una tovuti ya viumbe wa Milima ya Uluguru, na utafutaji umeuachia huduma ya kukodi kama Algolia: unapakia data kwenye seva zao, wao wanarudisha majibu. Makosa ya kuandika wanasamehe, ila kwa hesabu. Kwa mipangilio ya kawaida, neno la herufi 4 hadi 7 linasamehewa kosa 1, kuanzia 8 makosa 2. Ukiandika "miti", "mti" inakuja. Ukiandika "mti", herufi 3 tu, "miti" huioni ng'o! "Chura" na "vyura" je? Herufi 2 zimebadilika, imekula kwako. Wingi wetu unabadilika mbele ya neno, ndiyo shida. Dawa mojawapo ni kuweka orodha ya visawe: mti na miti, chura na vyura. Inachosha kweli, lakini bila hiyo mwanafunzi anaondoka akidhani Uluguru haina vyura.